Kofia ya viua kwenye jua la saa saba: mwongozo kamili wa kupima mwanga wa picha kwa skopu na monita

Ndoa ilifungwa Tanga, Ijumaa baada ya sala, jua la saa saba likiwa utosini. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe na kofia ya viua aliyoshonewa kwa mkono na shangazi yake: weupe juu ya weupe, vitundu vidogo kama vichwa vya pini, safu kwa safu. Nikatazama kioo cha kamera pale juani, nikauona uso wake umezama gizani, nikafungua lenzi stopu mbili nzima (kila stopu moja inaongeza mwanga mara mbili). Usiku, kwenye kompyuta, uso ulionekana vizuri lakini kofia ilikuwa duara jeupe lisilo na kitu. Kanzu haikuwa na mkunjo hata mmoja. Shangazi alipoiona video alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, viua vyangu viko wapi?" Nilimjibu, "Nisamehe, shangazi, kosa ni langu," na sikuwa na la kuongeza. Sehemu ya picha iliyoungua haina kitu ndani yake. Programu ya kuhariri inaweza kuushusha weupe ule ukawa kijivu, lakini viua havirudi.

Kamera yangu siku ile ilikuwa na zebra kwenye menyu, ile milia inayotokea kiooni pale mwanga unapofika kiwango ulichokipanga, nami nilikuwa nimeizima. Mwongozo huu nauandika kwa yeyote anayerekodi harusi, mahojiano, kaswida, mahafali au tangazo la duka, na bado anaamua mwanga kwa kutazama kioo tu. Tutapanga monita, tutasoma skopu, yaani grafu za mwanga wa picha, kisha tutakaa kwa muda mrefu kwenye jambo ambalo miongozo mingi hulipita mbio: nyuso zetu zikae wapi kwenye kipimo.

Kwa nini jicho halitoshi

Jicho limeumbwa kuzoea. Ukitoka juani ukaingia chumbani, dakika chache tu lile giza linageuka chumba cha kawaida. Uwezo huo ni neema kwa maisha na ni mtego kwa mpiga picha, kwa sababu monita ile ile inayong'aa sana ukumbini saa tatu usiku huonekana imefifia ukiitoa uwanjani mchana. Jicho linalinganisha kioo na mazingira yake, na mazingira yakibadilika hukumu nayo inabadilika, hata kama picha haijabadilika. Simu inazidisha shida, maana inapandisha na kushusha mwanga wa kioo yenyewe bila kukuuliza.

Skopu haitazami kioo. Inasoma namba zilizomo ndani ya picha na kuzichora kama grafu, kwa hiyo jua likiwaka au likizama, namba ni zile zile. Lakini skopu nayo haijui lipi ni uso na lipi ni ukuta, wala haijui kama bibi harusi anapendeza. Kazi hiyo ni ya monita na ya jicho lako. Kwa hiyo vyote viwili vinahitajika, kila kimoja kwa kazi yake.

Hatua ya 1: Panga monita kabla ya kuiamini

Washa monita uiache nusu saa ipate joto. Zima kila kitu kinachobadilisha picha chenyewe: mwanga wa kujirekebisha, rangi ya usiku inayoleta unjano, kuokoa betri, na zile staili za "Vivid" au "Dynamic" ambazo televisheni nyingi hutoka nazo dukani. Chagua staili tulivu kuliko zote, kisha joto la rangi uliweke kwenye 6500, ambalo mara nyingi huandikwa D65 au "Warm". Mara ya kwanza utaliona limekuwa njano. Vumilia siku mbili, jicho litazoea.

Chumba cha kuhariria kisiwe kiza totoro wala kisiwe na dirisha mbele yako. Weka taa hafifu nyeupe nyuma ya monita, imulike ukuta. Viwango vya kazi ya video ya kawaida vinataka weupe wa juu kabisa wa monita uwe kama niti 100 (niti ni kipimo cha ung'avu wa kioo) kwenye chumba chenye mwanga mdogo. Laptopu nyingi zikifunguliwa mwanga wote zinapita hapo mbali sana, ndiyo maana watu huhariri picha ikaonekana sawa kwao, na ikifika kwa mteja inakuwa giza.

Sasa pakia picha ya milia ya rangi ya SMPTE, picha ya majaribio ya wahandisi wa filamu na televisheni. Programu nyingi za kuhariri zinayo ndani yake. Chini upande wa kulia kuna vipande vyembamba vyeusi vinavyokaribiana sana. Vinaitwa PLUGE, na ni njia iliyoanzia BBC ya kupanga weusi wa monita kwa macho tu. Kwenye milia ya HD, kimoja kiko asilimia 2 chini ya weusi, kimoja asilimia 2 juu yake, kingine asilimia 4 juu yake. Pandisha kitufe cha "Brightness" mpaka uvione, kisha shusha polepole mpaka kile cha chini ya weusi kimezwe kabisa, na kile cha asilimia 2 kiwe kwenye mpaka wa kuonekana na kutoonekana. Cha asilimia 4 kionekane bila kukitafuta. Ukikosa kukiona cha chini ya weusi hata ukipandisha mwanga wote, usihangaike. Kompyuta nyingi hukikata njiani. Fanya kazi na hivyo viwili vya juu.

Angalia lakini: kwenye monita nyingi za LCD, neno "Brightness" linabadilisha taa iliyo nyuma ya kioo, na kiwango cha weusi kina kitufe kingine, pengine "Black level". Ukizungusha kitufe na picha nzima ikapanda na kushuka pamoja, weusi na weupe, hiyo ni taa ya nyuma.

Kwenye monita ndogo ya kamera, nje juani, maandalizi haya yote hayakuokoi sana. Nunua au tengeneza kivuli cha monita kwa kadibodi nyeusi, na tegemea skopu.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma wevufomu

Kati ya skopu zote, kama una nafasi ya moja tu, chukua wevufomu. Kusoma kwake ni kwepesi ukishaelewa jambo moja. Kushoto kwa grafu ni kushoto kwa picha, na kulia ni kulia kwa picha. Lakini juu na chini ya grafu si juu na chini ya picha: juu ni mwanga mwingi, chini ni giza. Kwa hiyo akisimama mwenye kanzu upande wa kushoto na mwenye buibui upande wa kulia, utaona ukungu, yaani mchoro wa grafu yenyewe, umepanda juu kushoto na ukungu mwingine umelala chini kulia. Kichwa cha mwenye kanzu na miguu yake vyote vimebanwa kwenye safu moja ya wima, kila kitu kwenye kiwango chake cha mwanga.

Kipimo kinaanzia 0, yaani weusi kabisa, hadi 100, weupe wa juu wa kawaida. Kizio chake huitwa IRE, herufi za taasisi ya wahandisi wa redio ya Marekani, Institute of Radio Engineers, ambayo mwaka 1963 iliungana na nyingine ikawa IEEE. Taasisi ilikufa, kipimo kikabaki. Leo ukisema IRE au asilimia, watu wanakuelewa vile vile. Ndani ya faili ya biti 8, sifuri ya kipimo huandikwa namba 16 na mia huandikwa 235. Kwenye biti 10 ni 64 na 940. Namba hizi zikumbuke, tutazihitaji mwishoni.

Fanya zoezi hili nyumbani kabla ya kwenda kazini. Weka mezani karatasi nyeupe, kadi ya kijivu ya asilimia 18 (inarudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipiga) na kitambaa cheusi, vipate mwanga sawa. Tumia rangi ya kawaida ya kamera, ya Rec. 709, ambacho ndicho kiwango cha video ya HD. Fungua lenzi mpaka kadi ya kijivu ikae kama 41. Karatasi itakuwa karibu na 90 na kitu. Sasa funga lenzi stopu moja kamili. Mwanga umekatwa nusu, lakini tazama kijivu: hakijashuka hadi 20, kimesimama karibu 27. Mia moja kwenye wevufomu si mara mbili ya hamsini, kwa sababu video huandika mwanga kwa mkunjo, na kuvipa vivuli nafasi kubwa kuliko vyeupe. Hesabu kamili ya Rec. 709 inasema kitu cheupe kilichokuwa 95 kikikatwa nusu kinatua 67. Kamera yako itatofautiana kidogo kulingana na staili ya picha uliyochagua. Rudia zoezi mpaka mkono ujue stopu moja inasogeza ukungu kiasi gani. Mimi nililifanya jioni nne mfululizo, na lilinifaa kuliko kamera mpya niliyokuwa nikiitamani.

Alama ya hatari ni moja: ukungu ukigonga dari ukalala, ukawa mstari mnene ulionyooka kama uzi, hapo picha imeungua. Kitambaa cheupe kilicho salama hakiwi uzi. Kinaonekana kama majani membamba, yanapanda na kushuka kidogo, maana kila mkunjo una kivuli chake. Sakafuni ni vivyo hivyo: buibui lililozama huwa uzi kwenye sifuri, na buibui lililo salama linaonyesha nundu ndogo kati ya 3 na 12.

Histogramu nayo ina faida yake, inakuambia pikseli ngapi ziko kwenye kila kiwango. Haikuambii ziko wapi. Mlima ulioegemea kulia unaweza kuwa kanzu ya bwana harusi au ukuta wa msikiti, nawe huna njia ya kujua. Kama simu au kamera yako haina kingine, itumie kuchunga kingo zake mbili tu.

Hatua ya 3: Uso

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo kazi zetu nyingi zinapoharibika.

Ukisoma miongozo ya zamani ya televisheni utakuta kanuni: weka zebra kwenye 70, fungua lenzi mpaka milia itokee kwenye paji la uso. Kanuni hiyo ni sahihi kwa ngozi iliyokusudiwa, yaani ya Mzungu. Haikutokea peke yake. Maabara za filamu kwa miongo mingi zilipanga mashine zao kwa kadi za Kodak zilizokuwa na picha ya mwanamke mweupe, zikijulikana kama kadi za Shirley, na fikra ile ile ikaingia kwenye kamera za video. Hata leo, kwenye rangi bandia za kamera za ARRI, zinazopaka picha rangi kulingana na kiwango cha mwanga, pinki iliyo kati ya 52 na 56 inaelezwa kuwa stopu moja juu ya kijivu, mahali pa ngozi ya Mzungu.

Ukichukua kanuni hiyo ukamwekea mtu mweusi tii wa pwani uso wake kwenye 70, umeupandisha stopu mbili au zaidi kupita ulivyo. Utaona mambo matatu. Uso unapauka kama umepakwa majivu. Paji la uso na pua, vinavyong'aa kwa jasho na mafuta, vinaungua na kuwa madoa meupe. Na kila kitu cheupe kilichosimama karibu, kanzu, shela, shati la shule, kinapotea. Ndicho nilichokifanya Tanga.

Hizi ndizo namba ninazofanyia kazi mwenyewe, kwenye Rec. 709, nikipima upande wa shavu uliopokea mwanga mkuu, si paji linalong'aa. Mtu mweusi sana namweka 30 hadi 40. Maji ya kunde, 40 hadi 50. Mweupe, kama Waswahili wengi wenye asili ya Kiarabu au Kihindi, 50 hadi 60. Mng'ao wa paji na ncha ya pua uwe huru kupanda pointi 15 hadi 20 juu ya hapo. Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao wake. Ukiufuta wote kwa poda, uso unabaki bapa kama kivuli ukutani. Taa kubwa laini, au dirisha lenye pazia jeupe, hufanya mng'ao uwe mpana na mzuri. Taa ndogo kali huufanya vidoa.

Namba hizi ni pa kuanzia. Mhusika akitakiwa kuwa kwenye giza la jioni, mshushe. Lakini jua umemshusha kwa makusudi.

Sasa jambo lililonichukua miaka kulielewa. Kitambaa cheupe kinarudisha mwanga karibu mara kumi ya ngozi nyeusi sana, yaani tofauti ya stopu tatu na kidogo. Kamera yoyote ya leo inabeba hiyo bila taabu, ikiwa wote wawili, uso na kanzu, wamesimama kwenye mwanga mmoja. Shida inaanza pale kanzu iko juani na uso uko kivulini, au jua liko nyuma. Hapo zinaongezeka stopu nyingine tatu au nne, na hakuna mahali pa kuliweka pete la lenzi litakaloridhisha pande zote mbili. Wevufomu itakuonyesha waziwazi: ukungu wa kanzu umelala darini, wa uso uko 15, na katikati pamebaki tupu. Ukiona tupu hiyo, acha kugusa kamera. Tatizo ni mwanga. Wasogeze watu kivulini, chini ya mwembe au barazani, ambako anga lote linakuwa taa moja kubwa. Kama haiwezekani, mwombe mtu ashike ubao mweupe wa kurudisha mwanga, hata shuka jeupe au kipande cha kadibodi kilichofunikwa kwa karatasi ya alumini, karibu na uso. Tazama ukungu wa uso ukipanda na wa kanzu ukikaa pale pale.

Vektaskopu, ile ya duara, ina mstari mmoja wa rangi ya ngozi. Mwekundu wa damu uko chini ya ngozi zote, kwa hiyo nyuso nyeusi na nyeupe hukaa karibu na mstari ule ule. Kinachotofautiana ni mwanga. Uso ukihama sana kutoka mstarini, angalia kwanza mizani ya weupe, yaani mpangilio wa kamera unaofanya cheupe kionekane cheupe.

Hatua ya 4: Zebra na rangi bandia, kwa mtu anayekimbia

Kwenye harusi huna muda wa kusoma grafu kila dakika. Panga zebra mbili kama kamera inaruhusu. Ya juu iwe 95: milia ikionekana kwenye nguo nyeupe, funga lenzi kidogo, au geuza kichujio cha ND kinachopunguza mwanga, mpaka itoweke na ibaki kwenye vitu visivyo na maana tu, kama bati la gari linalomeremeta. Ya chini iwe namba ya uso wa leo, tuseme 45 kwa maji ya kunde. Kamera ambazo zebra yake haishuki chini ya 50 au 70, itumie kulinda weupe tu na uso uupime kwa wevufomu ya monita.

Rangi bandia zinapaka picha nzima kulingana na kiwango cha mwanga. Kila kampuni ina rangi zake, kwa hiyo soma mstari wa maelezo ulio pembeni ya kioo kabla ya kuamua. Kwa jumla, nyekundu ni kuungua, zambarau ni kuzama, kijani ni kijivu cha katikati. Uso wa maji ya kunde ukikaa kwenye kijani au pembeni yake, umefika. Usisubiri pinki. Wenye kurekodi kwa simu wana Blackmagic Camera, programu ya bure yenye zebra, rangi bandia na histogramu, na kubwa zaidi, inakuruhusu kufunga ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) visijibadilishe.

Kufunga huko ni sharti. ISO ya otomatiki ikiachwa wazi, mama mwenye gauni jeupe akipita mbele ya kamera, uso wa bibi harusi unashuka, na kipimo chote ulichofanya kinakuwa bure.

Na kwa kuwa umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hetsi 50, rekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50. Ukumbini, ukiona ukungu wa ukuta usiosogea unapumua juu na chini, au mkanda wa giza unatembea ndani yake, taa zinapepesa. Wevufomu huliona hilo kabla ya jicho. Badilisha shata taratibu mpaka upumuaji utulie.

Ukirekodi logi

Logi ni staili ya kurekodi picha iliyofifia kwa makusudi, ibebe mwanga na vivuli vingi zaidi, kisha irekebishwe kwenye kompyuta. Hapo namba zote za juu zinabadilika. Kwenye S-Log3 ya Sony kijivu cha asilimia 18 kinakaa 41 na karatasi nyeupe 61 tu. V-Log ya Panasonic ni 42 na 61. Kwa hiyo kanzu ikisoma 61 haimaanishi ni hafifu, iko mahali pake. Kila stopu kwenye sehemu ya katikati ya S-Log3 ni kama pointi 9, jambo linalorahisisha hesabu: wanaopenda kuongeza mwanga stopu moja ili kupunguza chenga za vivuli wanaweka kijivu kwenye 50.

Mtego mkubwa ni LUT, faili inayoigeuza picha ya logi ionekane ya kawaida. Monita nyingi zinaweza kukuonyesha picha iliyopakwa LUT, na baadhi hupima wevufomu baada ya kupaka, nyingine kabla. Jaribu: washa LUT na uizime ukitazama grafu. Ikiruka, unapima picha iliyopakwa, na namba za logi hazikuhusu. Amua moja, andika kwenye kipande cha plasta nyuma ya monita.

Hatua ya 5: Paredi, kwa kitenge na taa za ukumbi

Wevufomu ya kawaida inaonyesha mwanga wa jumla, na kwenye Rec. 709 mwanga huo unahesabiwa kwa kuchukua asilimia 21 ya nyekundu, 72 ya kijani na 7 tu ya bluu. Bluu tupu, iliyojaa mpaka mwisho wa uwezo wake, inasoma 7. Fikiria maana yake ukumbini, taa za LED za bluu zikimmulika mwimbaji wa taarabu. Wevufomu inasema giza, jicho linasema giza, unafungua lenzi, na mkondo wa bluu ulikuwa umeshaungua zamani. Uso wake unakuwa bonge la rangi lisilo na pua wala shavu.

Paredi inaitenga mikondo mitatu, nyekundu, kijani na bluu, kila mmoja na wevufomu yake. Penye taa za rangi, au kitenge na kanga za rangi kali, chunga kila mkondo usigonge dari. Kwa mwimbaji wa taa za bluu, weka kilele cha bluu kwenye 90 na ukubali kuwa mandhari ni ya giza. Ukiweza, mwombe fundi wa taa akuongezee taa moja nyeupe hafifu ya mbele. Mara nyingi wanakubali, ukiomba kabla watu hawajaingia.

Paredi hiyo hiyo inakuonyesha mizani ya weupe. Ipige karatasi nyeupe: mikondo mitatu ikilingana urefu, uko sawa.

Hatua ya 6: Kwenye kompyuta

DaVinci Resolve ya bure ina skopu zote. Ziko kwenye menyu ya "Workspace", halafu "Video Scopes". Kipimo chake huwa 0 hadi 1023 badala ya 0 hadi 100, lakini mpangilio wake unaruhusu kubadilisha kuwa asilimia. Kwenye Premiere zinaitwa Lumetri Scopes, na Kdenlive, ambayo ni bure na haihitaji kompyuta kubwa, inazo pia.

Utaratibu wangu: nashusha weusi kwanza kwa "Lift", nywele au buibui viguse kati ya 2 na 5. Kisha weupe kwa "Gain", kanzu ikae 85 hadi 92, na nafasi iliyobaki juu niwaachie vimeta vya dhahabu na vioo. Mwisho uso kwa "Gamma", inayosogeza mwanga wa katikati, nikitumia namba za Hatua ya 3. Gamma inavuta kidogo juu na chini, kwa hiyo narudi mara ya pili kuangalia kingo. Halafu naziba skopu, natazama monita peke yake. Kama namba ni sahihi na sura haijapendeza, naifuata sura, ndani ya mipaka.

Kwa kazi ya televisheni mipaka hiyo ina jina. Pendekezo la R 103 la EBU, umoja wa watangazaji wa Ulaya, linaruhusu mwanga wa jumla uwe kati ya asilimia -1 na 103, na kila mkondo wa rangi kati ya -5 na 105. Kituo kimoja kiliwahi kunirudishia tangazo zima kwa sababu ya maandishi ya njano niliyoyaweka chini ya picha. Picha yenyewe ilikuwa salama. Tangu hapo napima na maandishi, na nembo, na kila kinachowekwa juu.

Ukimaliza kutoa faili, irudishe ndani ya programu uiweke chini ya skopu upya. Hapa ndipo zile namba 16 na 235 zinapohitajika. Ikiwa weusi uliouweka sifuri sasa unasoma kama 6, na weupe wa mia hauvuki 92, faili imesomwa kwa viwango visivyo vyake: 16 imechukuliwa kuwa 16 ya 255 badala ya weusi. Picha itaonekana imefifia kama imefunikwa na moshi. Ikiwa kinyume chake, vivuli vyote vimezama sifuri na weupe wote umegonga dari, kosa ni lile lile upande wa pili. Usilitibu kwa kuongeza kontrasti. Nenda kwenye mpangilio wa "Data Levels", chagua "Video" kwa faili za kawaida, toa upya. Kebo ya HDMI kati ya kompyuta na monita huwa na ugonjwa huo huo, na dawa yake iko kwenye mpangilio wa kadi ya picha, ambapo pande zote mbili zikubaliane "Limited" au "Full".

Kisha itazame kwenye simu ya kawaida, uani, mchana, maana wengi wataipokea kwa WhatsApp na kuifungua hapo hapo walipo. Kitu chochote muhimu kilichoko chini ya 10 hawatakiona. Uso wa bibi ulio pembeni kwenye kivuli, uliokaa 12, upandishe hadi 25 kwa dirisha dogo la rangi, yaani eneo unalolichora kwenye programu, uso huo peke yake, bila kuigusa fremu yote.

Siku hizi kwenye mkoba wangu kuna kofia nyeupe ya viua. Kabla wageni hawajafika naiweka juu ya kiti mahali atakapokaa bwana harusi, nafunga ISO, nasogeza lenzi mpaka ukungu wake usimame kati ya 85 na 90, kisha nakuza picha kwenye monita nivitafute vitundu. Nikiviona, naandika namba ya lenzi kwenye plasta na kumwita msaidizi akae kwenye kiti, tupime uso.